Kanisa Zima Liliombea Mizinga

Bwana asifiwe! Asifiwe sana! Naomba nianze na la aibu, maana nikiliacha mwishoni nitalikimbia. Ndugu zangu wa Shelui, mimi mnayeniona hapa, kitenge nimekipiga pasi, niliwahi kulifanya kanisa zima kule kwetu Nduguti lifunge na kuombea silaha. Ndiyo! Mchungaji kanyanyua mikono, akina mama wanatoa machozi, wanasema, "Bwana, mizinga ya Baba Neema ijae mpaka imwagike! Ifike kila nchi! Kila nyumba ionje!" Na mimi niko mstari wa mbele, nimefumba macho, jasho linanitoka, nasema amina.

Msicheke kwanza. Mtacheka vizuri mkishasikia.

Naitwa Mama Neema. Shule niliishia kidato cha pili. Wengine wanasema niliiacha, mimi nasema iliniacha, mpaka leo hatujapatana. Mume wangu ni fundi chuma. Si mwanajeshi, hana hata kofia, ila ameajiriwa mbali huko, kwenye karakana inayofanya kazi za jeshi. Anatengeneza mizinga. Ile ya kulipua! Ikiharibika inaletwa kwao, wanaifungua, wanaichomelea, inarudi ilikotoka. Inakwenda kufanya nini huko, yeye haambiwi, na mimi sikuuliza.

Ningeuliza vipi? Mshahara ule ndio umetuezekea nyumba. Ndio unamsomesha Neema, aende mbele kuliko mama yake, na hapo hana safari ndefu. Nilikuwa najivuna nao, nisiwadanganye. Halafu redio inasema mahali fulani bomu limeangukia soko. Nazima redio, nabaki naangalia bati. Mvua ikinyesha wenzangu wanasema baraka hiyo, mimi chini ya bati langu nasikia vita. Hata mlenda haushuki, na mlenda, ndugu zangu, unashuka hata kwa mtu asiyetaka!

Lililonikaba zaidi ni Mama Eliya. Huyu ni rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Mwanawe Eliya ni mwanajeshi, alipelekwa kulinda amani nchi ya watu, kombora likaanguka kambini kwao. Akarudi na mguu mmoja. Mimi nimemfulia Mama Eliya, nimempikia, nimelia naye mpaka tukaishiwa kamasi. Sasa ningeanzaje kumwambia kwamba mume wangu anashika spana kwenye vitu vya namna hiyo? Nilijua kabisa: siku nikisema, rafiki sina.

Basi siku moja kwenye kikao cha akina mama wakaniuliza, hivi baba watoto wako huko anafanya kazi gani? Nikasema kweli tupu: "Anatengeneza mizinga." Vigelegele! Jamani, Singida hii, ukitaja mzinga nani atawaza vita? Waliwaza nyuki! Mimi sikudanganya, ndugu zangu. Kiswahili ndicho kilichodanganya, mimi nilinyamaza tu. Hapo hapo wakanichagua mwenyekiti wa mradi wa asali. Ndipo yakaja yale maombi.

Baba Neema akaja likizo. Kushuka kwenye basi, anakuta kwaya inamwimbia. Akaninong'oneza, "Mama Neema, umewaambia nini hawa watu?" Nikamwambia, "Ukweli. Wewe tabasamu."

Jioni nikachinja jogoo. Wageni ni Mama Eliya, Eliya na magongo yake, na Mzee Mkumbo, mzee wetu wa kanisa, ambaye amerina asali tangu ujana. Mzee hakungoja hata mchuzi upoe.

"Baba Neema, mizinga yenu huko, inafika mbali?"

Mume wangu ukimuuliza kazi yake anasahau alipo. "Ukiilenga vizuri, mzee, hata kilometa kumi inafika."

"Kilometa kumi! Kumbe nyuki wetu wavivu hivi?"

Baba Neema anapambana na shingo ya kuku, neno nyuki halikumfikia.

"Na moshi mnautumiaje?"

"Moshi unatoka wenyewe, mzee. Tabu yetu ni masikio. Usipoyaziba, jioni husikii kitu."

"Lo! Wana kelele hivyo!"

Nikamkanyaga mume wangu chini ya meza. Kumbe nimemkanyaga Mzee Mkumbo. Eliya akapaliwa. Mwanajeshi yule, alishaelewa! Mama yake anampiga mgongo, "Kula taratibu, huko jeshini hawakukufundisha?" Kijana akafuta machozi, akanitazama, akarudi kwenye kuku wake. Ndugu zangu, mimi nikashiba kabla sijala.

Jumapili mchungaji akatuita mbele, mikono ya fundi ibarikiwe, mradi uanze. Mama Eliya akaja na mzinga mpya kichwani, unanukia ubao. Akautua, akaishika mikono ya mume wangu, yeye mwenyewe, akaanza kuomba: "Bwana, mikono hii..." Hapo nikafumbua macho. Wengine hushukiwa na malaika. Mimi nilishukiwa na aibu, na naamini siku ile Mungu ndiye aliyeituma. Nikasema, sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyopanga, "Mama Eliya, toa mkono wako. Mizinga ya mume wangu haina nyuki."

Nikasema yote. Karakana, bati, redio, yote. Mume wangu kainamisha kichwa. Mzee Mkumbo akajisemea taratibu, "Kwa hiyo zile kilometa kumi..."

Eliya akainuka na magongo yake. Akasema, "Mama, mimi nilijua tangu kwenye yule kuku. Kuna mzinga ulinikata mguu. Na kuna wa kwetu uliojibu, mpaka wenzangu wakapata nafasi ya kunibeba. Kila siku najiuliza niushukuru au niuchukie, sijapata jibu. Huyu fundi naye hana. Muacheni."

Mama Eliya akaiachia mikono ya fundi. Alijifunga kitenge vizuri, akatoka. Hakunitazama.

Ndugu zangu, kile nilichokuwa nakiogopa miaka yote kilinipata pale pale, mbele ya watu. Nikarudi nyumbani nalia. Lakini niliposikia redio ya jirani inasoma habari, sikukimbia. Nilikaa, nikasikiliza, nikawalilia wale watu kama watu. Woga ulikuwa umetoka! Mungu ameniondolea mzigo ambao nilikuwa naubeba nikidhani ni siri, kumbe ni jiwe. Haleluya!

Sisemi Mungu amenifunulia kwamba kazi ile ni nzuri au mbaya. Mume wangu bado yuko karakana, anatafuta kazi nyingine, na Neema bado anasoma. Siku hizi naomba hivi: "Bwana, mizinga ya chuma ikose kazi, na fundi wake asikose mshahara." Mchungaji anasema ombi hilo linajipinga. Nikamwambia na mimi mwenyewe najipinga, atunyooshe wote wawili. Mradi nao unaendelea, anatufundisha bwana nyuki wa ukweli. Siku ya kwanza nyuki walipotoka, mtu wa kwanza kukimbia alikuwa fundi wa mizinga.

Kwa hiyo namshukuru Mungu, na wewe uliyekaa hapo na jambo umelikunja chini ya ulimi, lina maana mbili, watu wanashika moja na wewe unajua nyingine, mpe Yesu. Mwamini. Atakutia aibu kidogo, lakini atakuacha mzima.

Mama Eliya je? Wiki ile yote hakupita kwangu. Halafu asubuhi moja, likizo ya mume wangu haijaisha, akasimama mlangoni, nikamkaribisha, hata kuitikia hakuitikia. Akasema, "Wewe Mama Neema, mdomo wako hauna breki. Umenisimulia mpaka mbuzi wako alivyoharisha, halafu hili moja lenye maana ukalimeza! Nina hasira na wewe, na bado sijamaliza. Nimejaribu kununa kule nyumbani, Eliya ananicheka, nimeona nije ninunie hapa hapa kwako. Mwambie huyo fundi aje na nyundo, majembe yangu yamelegea mipini na alizeti inaliwa na majani. Na wakikuuliza tena kanisani mumeo anatengeneza nini, sema majembe. Jembe ni jembe."