Dora Aliomba Asubuhi

Mchungaji, majirani, na wageni wetu mliotoka mjini, mimi ni Katriena, mdogo wake marehemu, familia imeniagiza nisome, nami nitasoma, ingawa nina hasira.

Marehemu Dorothea Lakay alizaliwa tarehe 4 Machi 1949 hapa hapa Vredekloof, akasoma shule ya misheni hadi darasa la sita, na tarehe 15 Januari 1963, akiwa hajatimiza hata miaka kumi na minne, akaanza kazi ya jikoni mjini, kwa familia ambayo leo imekaa benchi la mbele, akaifanya miaka arobaini na sita, akitoka kwake gizani na kurudi jua likizama.

Tarehe 12 Desemba 1970 alifunga ndoa na marehemu Petrus Lakay, wakajaliwa Jakobus na Sanna, na zawadi ya Petrus ilikuwa shina moja la ua la buluu kutoka mlimani, akalipanda chini ya dirisha, nalo likazaa mpaka kila bustani ya kijiji hiki ikapata mbegu yake.

Sote tunayajua maua hayo, huchanua kuanzia Oktoba, hufunguka jua likipanda, ikifika saa sita yamejisokota, na lililofunga halifunguki tena, basi siku za kazi Dora alikuwa kwenye masufuria ya watu, Jumapili yuko kwaya, na jirani yetu Mietjie akimtania, "Antie Dora, wewe unapalilia, sisi tunatazama!" naye akijibu, "Tazameni tu, zamu yangu yaja."

Zamu ilikuja alipostaafu tarehe 30 Juni 2009, akapata Oktoba tisa za kukaa kibarazani na kahawa yake, tisa tu, kisha figo zikamlaza, na Alhamisi tarehe 1 Novemba 2018, alfajiri, akafariki.

Usiku wa kuamkia siku hiyo alituambia, mimi na Mchungaji, "Nizikeni asubuhi, maua yakiwa wazi. Asubuhi zangu zote nimewapa watu, hii moja niachieni," na Mchungaji akaitikia amina, nilisikia kwa masikio yangu, lakini Jumatatu ikapigwa simu kutoka mjini kwamba asubuhi ni usumbufu, mazishi yakasogezwa saa nane, nami nikaambiwa na Mchungaji, "Dada Katriena, maua ni maua tu."

Haya, yatazameni hapo juu ya jeneza. Hamwoni haya?

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wapiga tarumbeta, majirani mliokata maua tangu alfajiri, na hata benchi la mbele, kwa shada lenu kubwa.

Ibada iendelee na chakula kipo, ila jeneza linarudi nyumbani, sepetu zote nimezifungia jikoni kwa Dora na ufunguo ninao mimi, tutazika kesho saa tatu asubuhi, na atakayeona ni mapema mno asijisumbue.

Pumzika kwa amani, dada yangu, kuanzia kesho.