Pua ya Mkuu wa Wilaya: Risala ya Wafinyanzi wa Mikate wa Tizi n Walim

Mgeni rasmi, Bwana Mkuu wa Wilaya, Sidi Abdelmoula Serghini, karibu kwetu Tizi n Walim, huku milimani. Sisi wanakikundi, wengi wetu akina mama, pamoja na wanaume wachache waliokubali kukanda unga mbele za watu, tunakushukuru kwa kuipanda barabara yetu wakati huu wa theluji. Tulikutarajia asubuhi, umefika alasiri. Hatulalamiki, ila jambo hilo linahusiana na pua yako, kama tutakavyoeleza huko mbele.

HISTORIA YETU

Kikundi kilianza na mtu mmoja, Lalla Itto, yule bibi wa mbele mwenye shali nyekundu. Marehemu mumewe, Ba Aqqa, kila alipomaliza kupura shayiri aliwaachia ndege fungu lao hapahapa kiwanjani. Majirani walimcheka: "We Aqqa, shomoro wakikualika harusini utavaa nini?"

Alipofariki, theluji ikaanguka, ndege wakaja wakakuta kiwanja kitupu. Lalla Itto alishindwa kuvumilia. Kwetu mkate hautupwi hata ukikauka. Kila nyumba ina gunia lake. Akalifungua la kwake, akaloweka mikate, akafinyanga mtu mwenye masharubu ya tini, akamvika kofia ya marehemu na kumsimamisha hapa. Ndege wakamla mpaka ikabaki kofia. Lalla Itto akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Baridi iliyofuata akamfinyanga tena, na sisi tukaja kumsaidia.

MAFANIKIO

Sasa tunatengeneza kondoo wa shayiri, ngamia wa tende zilizobonyea, na mwaka jana basi zima lenye abiria wa zabibu kavu. Hatutumii waya, rangi wala plastiki. Tunafunga kwa nyasi na kugandisha kwa mafuta ya kondoo, na theluji ikiyeyuka hakuna cha kufagia.

Fakihi wetu, Sidi Lahsen, mwanzoni alituonya kuhusu masanamu. Alikuja, akakaa, akatazama, kisha akasema, "Kinacholiwa kikaisha kabla ya adhuhuri si sanamu. Ni chakula chenye pua." Tangu siku hiyo yeye ndiye fundi wetu wa masikio.

CHANGAMOTO

Kwanza ni nyani wa msituni, ambao hawajaalikwa. Ba Haddou, mmoja wa wale wanaume wetu wachache, alishauri tutie pilipili, akidai ndege hawasikii ukali wake. Ni kweli, ndege hawakusikia. Nyani walisikia, wakakimbilia hodhi la maji la Ba Haddou na kuoga humo familia nzima. Ba Haddou aliomba habari hii isisomwe. Tulipiga kura, akashindwa.

Pili ni pua yako. Tulikufinyanga kwa heshima zote, kimo chako kamili, joho la shayiri, masharubu ya tini, na pua ya mafuta iliyonona kama inavyomstahili kiongozi. Tukakufunika shuka usubiri kuzinduliwa. Ulipochelewa, ndege wakaingia chini ya shuka. Wanaume wakashika fimbo, lakini Lalla Itto akawapigia kelele: "Wekeni chini hizo! Wameshatia mdomo, mnawafukuzaje?" Na ndivyo ilivyo desturi yetu: aliyekwisha kuanza kula hafukuzwi, hata awe nani. Kwa hiyo ukivuta shuka tunakusihi usishtuke. Masharubu yamebaki upande mmoja. Tunawaomba pia walinzi wako wasicheke kabla yako.

Tatu ni jambo gumu kulisema, ndiyo maana tumelificha nyuma ya pua. Ofisi yako imeamuru kiwanja hiki kimwagwe saruji ili magari ya watalii yaegeshwe. Lori la saruji liko pale konani. Dereva tumemnywesha chai tangu asubuhi, ni kijana mwema, anasema, "Mama zangu, mimi nangoja tu neno la mkubwa."

MAOMBI

Tunaomba neno hilo liwe "rudi". Magari yanaweza kukaa chini, kwenye kinu cha zamani cha kusagia nafaka, na mawe ya pale tutayaondoa wenyewe, Ba Haddou akiwa wa kwanza. Ndege hawajui mahali pengine. Baridi ikiuma, wanashuka hapa moja kwa moja.

Lalla Itto anaogopa. Hakutuambia tuandike hivyo. Alitaka tuandike kwamba hapa maji hutuama na magari yatateleza. Lakini sisi tunamjua. Jana tulimkuta akimfinyanga Ba Aqqa mnene kuliko miaka yote, gunia zima la mikate tumboni. Tulipomuuliza alijibu, "Kama ndiyo mara ya mwisho, acha awashibishe."

HITIMISHO

Baada ya risala hii utakula nasi kuskusi, sinia moja, hapahapa kiwanjani. Ukitukubalia tutashangilia. Ukitukatalia utaendelea kula vilevile, kwa kuwa utakuwa umeshatia mkono, na sisi hatufukuzi.

Mungu akupe afya, akurudishe salama kwa watoto wako, na pua yako halisi aikinge na baridi yetu. Sasa tunakuomba uizindue kazi yetu. Vuta shuka polepole, Bwana Mkuu. Wamo ndani, na wameshaanza kula.

Ni sisi,
Wafinyanzi wa Mikate,
Kiwanja cha Kupuria, Tizi n Walim