Mugongo ya Papa Anatole Wilondja

Kisha miaka makumi ine na moja ya kupiga gita mu orchestre yetu, Lweba Jazz, Papa Anatole Wilondja anaingia mu pumziko siku ya posho, Jumamosi tarehe 29 mwezi wa sita 2024, hapa Baraka. Wengi kati yenu mutakuja kumuaga bila kujua uso yake muzuri. Si kosa yenu. Mugongo yake, ile munaijua.

Aliingia mu 1983, kijana mwembamba, suruali imepanuka chini kama kengele ya kanisa, na kiburi yenye haikuenea mu mulango. Marehemu bwana yangu Isidore, mwenye alikuwa anapiga ngoma, alimuuliza nani alimufundisha. Akajibu: "Ni ziwa." Isidore alicheka mpaka akaangusha fimbo. Lakini kijana alipoanza kupiga, fimbo ilibakia chini. Alikuwa anakaza kamba za gita kwa namna yake peke yake, mbili zinalia karibu sauti moja, sawa mitumbwi mbili zenye kugusana pole pole kwenye maji. Toka Makobola mpaka Fizi, hakuna mwengine mwenye alikuwa anakaza vile.

Mu 1987 alirekodi kaseti yake, Jua ya Ndagala. Nyimbo munane, gita tupu, hakuna muntu wa kuimba. Courant, umeme, haikukuwa, basi bavuvi bakamuazima batri ya taa zao za kuvutia usiku ndagala, zile samaki ndogo. Alipofika ku wimbo ya tatu, jua ilikuwa inashuka na bavuvi bamesimama kwenye mulango bakidai batri yao: "Anatole, samaki haisikilizake muziki!" Akapiga wimbo yote bila kuinua kichwa. Sikiliza muzuri ile kaseti, ku mwisho utabasikia bakimutukana. Ile wimbo ndiyo batu balikimbia nayo vita, bakaivusha ziwa mpaka mu kambi za Tanzania, katikati ya sufuria na blanketi.

Album ya pili? "Iko njiani," anatuambia tangu siku ile. Hata kamiyo za mizigo zenye zinazama mu matope ya Misisi zinafikaka.

Sasa tuseme choyo yake, juu hii ni siku ya kusema. Anatole atakupa shati yake, atakupa na sahani yake ya bugali. Namna ya kukaza kamba, hapana! Akiona muntu anaangalia vidole vyake, anageuka. Ndiyo maana Espérance wa Nundu, kwenye picha ya ndoa yake, iko na bwana, iko na keki, na katikati iko mugongo ya Anatole. Na wimbo ikiisha, analegeza kamba zote haraka, kusudi muntu asiokote gita na kujua siri. Kisha tunangoja akaze tena. Ku ndoa zetu wageni balikuwa banamaliza nyama kati ya wimbo moja na ingine.

Na Mungu anajua kucheka. Tuliporudi toka kambi, Anatole alikuwa amekaa miaka bila gita. Akapata moja, akaketi, akakaza, akalegeza, akakaza. Yote ilimutoka! Alikuwa ameificha muzuri mpaka na yeye mwenyewe hakuiona. Ikabidi atafute kaseti yake, na yenye ilibakia ilikuwa kwa Bertin, fundi wa nguo. Bertin akamuambia: "Haitoki hapa. Utaisikilizia hapa hapa." Basi mwalimu mukubwa alikaa mu atelier ya kushona, katikati ya bamama benye kupimwa matako, akijitafuta ndani ya radio. Bamama balimuuliza: "Papa, ni nani huyu anapiga muzuri kukupita?"

Mulifikiri alipata akili? Alirudi na siri yake na akageuka tena.

Lakini mwaka huu vidole vyake vimevimba, anaenda kuishi kwa binti yake Kalemie, na Ketsia, kijana wa orchestre yetu, ndiye atashika nafasi yake. Ketsia anapiga kila kitu, ila wimbo ya tatu. Alimuomba Anatole ile siri ya kamba, akalia, akamupikia kuku. Mi nilimuambia Anatole mbele ya bote: "Shemeki, utaenda kuizika kaburini? Funza banapenda muziki?" Alivaa kofia, akatoka.

Siku ya Mungu, Jumapili yenye imepita, kisha mazoezi ya kurudilia nyimbo, aliweka gita juu ya kiti, akatoka kama kawaida. Ketsia akaigusa tu, apime. Kamba zilikuwa zimekazwa. Zote. Tukaangaliana. Akaanza wimbo ya tatu, pole, kama muntu mwenye anaingia nyumba ya wengine mu giza. Tulipogeuka, Anatole alikuwa kwenye mulango. Alisahau kofia, anasema. Kofia ilikuwa ku kichwa.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akamuambia Ketsia: "Kamba ya pili imelegea. Kaza kidogo, mutoto yangu." Mi nilikimbilia sufuria, nikaanza kusugua yenye ilikuwa safi, kusudi basione macho yangu.

Shemeki Anatole, aksanti kwa ndoa zetu, kwa vilio zetu, na kwa choyo yako yenye imekufa mbele yako. Tunakuombea miaka mirefu Kalemie, samaki mingi, na vidole bila maumivu. Siku ya posho utapiga wimbo ya mwisho. Kiti yako nitaiweka mimi, ikiangalia batu. Ukigeuka, nitapanda kule juu nikugeuze na mikono yangu.