Bakuli la Wapagazi

Wasikilizaji wapendwa, wewe unayefunga maboksi hapo dukani, hebu weka chini hiyo selotepu. Mteja mwambie mei you, hakuna, arudi baadaye. Leo tunamkumbuka mtu wetu. Tunamkumbuka Abdulwakil Nassor, mtoto wa Kariakoo, Dar es Salaam, wakala wa makontena hapa Guangzhou, mume wa Bi Shamsia. Na tunamkumbuka kwa jambo ambalo wengi wenu hamkulijua: alikuwa mtunzi wa mchezo wa vita, ule wa kuchezwa mezani kwa askari wadogo wa plastiki na dadu.

Abdulwakil alifariki kwa maradhi ya figo. Alizikwa hapahapa Guangzhou. Bi Shamsia aliyaona mazishi kwenye simu, akiwa Dar. Tumesubiri eda yake iishe ndipo tuseme, maana mwenye msiba ni yeye, na yeye ndiye aliyetupa ruhusa.

Mengi ya haya yanatoka kwa Dorothea. Dorothea ni binti wa Bukoba, yuko hapa kwa ufadhili, anasomea uzamivu wa hisabati. Alimzoea marehemu kama kaka yake wa tumbo moja. Anayo maumivu yake, mtayasikia.

Siku za kazi, Abdulwakil alikuwa mtu wa barabarani. Asubuhi soko la Shiling kukusanya mikoba ya ngozi, mchana Nansha bandarini kugombana na watu wa makontena. Jumapili ilikuwa ya mchezo. Alipanda ghorofani kwenye mgahawa mmoja wa barabara ya Huanshi Zhonglu, akaunganisha meza mbili, akatandika kitambaa cha kijani, akapanga milima ya maboksi. Vita vyenyewe vilikuwa vile vya Wajerumani na Waingereza kwetu Tanganyika. Kila upande ulikuwa na askari, na kila upande ulikuwa na wapagazi wa kubeba risasi na chakula.

Wale askari Abdulwakil aliwapaka rangi kwa mkono wake, mmoja mmoja, mpaka vifungo vya koti vikaonekana. Wapagazi hawakuwa na sura. Walikuwa vifungo vya chuma vya mikoba, mabaki ya Shiling, vya kuokota tu. Askari akifa, alilazwa palepale alipoangukia. Mpagazi akifa, aliondolewa mezani akatupwa kwenye bakuli la supu. Ushindi ulikuwa kukishika kilima cha katikati. Ila ukipoteza nusu ya watu wako umeshindwa, hata kama kilima umekishika. Lakini waliokuwa bakulini hawakuhesabiwa. Shikeni hapo, wapendwa. Waliokuwa bakulini hawakuhesabiwa.

Msidhani kanuni za mchezo kama huu hushuka kama mvua. Zilianza ukurasa mmoja. Akaja Macharia, Mkenya wetu muuza simu, mjanja kuliko sungura. Alificha askari wake nyuma ya kilima, akakaa hukohuko anakunywa chai, anasubiri mwenzake achoke. Wikendi iliyofuata ikatungwa kanuni: jeshi lisilosogea linaishiwa chakula. Ikaitwa Kanuni ya Macharia. Na ndivyo ilivyokuwa. Kila kanuni ilibeba jina la mjanja aliyeisababisha, na ukurasa mmoja ukawa kijitabu kinene.

Dorothea alipoletwa mara ya kwanza, alikisoma kile kijitabu akacheka mpaka machozi.

"Kaka Abdulwakil, hii ni vita au katiba?"

"Mdogo wangu, cheza kwanza. Ukishindwa, utasema."

Akacheza. Akashindwa vibaya. Ndipo akaambiwa: haya, sasa futa kanuni moja. Maana meza ile ilikuwa na sheria kuu, nayo haikuwa na jina la mjanja yeyote. Aliyeshindwa ndiye mwenye kauli. Aliyeshindwa tu ndiye anayeruhusiwa kubadili kanuni. Mshindi anafunga mdomo.

"Mshindi hana alipoumia," Abdulwakil alizoea kusema. "Atarekebisha nini?"

Basi Dorothea alishindwa, akafuta. Akashindwa tena, akafuta tena. Kijitabu kikakonda, mchezo ukanoga. Hata laoban, yule bosi wa mgahawa, mama wa Kichina asiyejua Tanganyika iko wapi, akawa anasimama ngazini kuangalia nani kapata kilima.

Halafu figo zikakataa kazi.

Abdulwakil alikonda, ngozi ikasawijika, hospitali ikawa ndiyo Nansha yake. Lakini Jumapili alikuja. Alipanda ngazi akipumzika katikati, anajidai anaongea na simu. Na pale chini ya ngazi, wasikilizaji wapendwa, Dorothea na Macharia wakapeana shauri.

"Tumwachie tu, bana," alisema Macharia. "Msee ni mgonjwa. Ashinde, afurahi."

Dorothea alikubali. Moyo mzuri, nani atamlaumu? Kuanzia siku hiyo Abdulwakil alishinda. Akashinda Jumapili ile, akashinda na iliyofuata. Alishinda mfululizo, na kila aliposhinda walimpigia makofi.

Siku moja alishinda kwa kuwapitisha wapagazi wake wote mtoni, mvua ya mchezo inanyesha. Dadu za mvua zikawamaliza. Kilima akakishika. Hakutabasamu. Alilivuta lile bakuli, akavichota vifungo, akaviacha vidondoke kimoja kimoja.

"Hili bakuli limejaa mno," alisema.

"Hongera, kaka," Dorothea akamjibu.

Abdulwakil akamtazama. Akafungua mdomo, akaufunga. Alikuwa mshindi, na mshindi hana kauli. Dorothea alidhani amechoka, akamsogezea maji.

Sasa sikilizeni hii, maana ndiyo inayomnyima Dorothea usingizi. Jumapili iliyofuata marehemu alicheza ovyo. Aliwapeleka askari wake uwandani, kwenye mdomo wa bunduki ya rashasha. Alikiacha kilima wazi. Dorothea akaona: masikini, maradhi yamepanda kichwani. Basi naye akacheza ovyo zaidi. Abdulwakil akarudisha jeshi nyuma, Dorothea akarudisha lake nyuma zaidi. Kilima kikabaki peke yake katikati ya meza, hakuna anayekitaka! Macharia alicheka mpaka akashika mbavu. Jamani! Watu wawili wanakimbizana kushindwa, na hakuna anayemwambia mwenzake sababu.

Mwisho Dorothea alimsukumia kilima kwa nguvu. Abdulwakil akashinda. Alikunja kitambaa chake taratibu, akasema, "Ahsanteni, wadogo zangu." Hakupanda tena ngazi zile.

Baada ya mazishi, Macharia alitaka mchezo uachwe kama ulivyo. Asiguse mtu kanuni hata moja, iwe heshima ya marehemu. Dorothea alikubali hilo pia. Ndipo Bi Shamsia, eda ilipokwisha, akapiga simu, nao wamekaa meza ileile ya ghorofani. Alianza kwa kuwashukuru. Halafu akauliza, bila ukali, "Mbona mlikuwa mnamwachia?"

Bi Shamsia hakusubiri jibu.

"Alijua, mwanangu. Alijua tangu siku ya kwanza. Kila Jumapili alinipigia, sauti imekufa. Nikimuuliza vipi, ananijibu, leo tena wamenishindisha. Alikuwa na kanuni yake moja, anataka kuibadili kabla hajaondoka."

"Kwa nini hakutuambia, shemeji?"

"Mume wangu alikuwa mtu wa haya. Aliniambia, Shamsia, wananifanyia wema. Nitawaambiaje kuwa wema wao umeniziba mdomo?"

Dorothea alilia kwenye ile simu, akalia kwa sauti, mpaka laoban akapanda ngazi kuuliza kuna nini. Majuto ni mjukuu, wapendwa. Huja baadaye, wala hapigi hodi.

Bi Shamsia hakumwambia kanuni ile ni ipi. Alisema sheria ya meza ni sheria ya meza. "Jumapili nitacheza mimi, upande wa mume wangu. Na msinihurumie."

Wakacheza. Macharia alishika simu juu ya meza, Bi Shamsia akaamuru jeshi kutoka Dar, anachanganya mto na barabara. Dorothea alimpiga bila huruma. Alimpiga mpaka askari wa mwisho akalala. Ilikuwa mara ya kwanza, tangu maradhi yaingie, upande ule kushindwa.

"Nimeshindwa," alisema Bi Shamsia. "Kwa hiyo nina kauli. Mpagazi akifa, alazwe alipoangukia. Na ahesabiwe."

Akawaeleza. Babu wa mama yake Abdulwakil alichukuliwa kubebea wazungu mizigo katika vita vile. Hakurudi, na kaburi lake halijulikani. Wapagazi walikufa kwa maelfu, kwa njaa na maradhi, na Kariakoo yetu hii tunayouzia vitenge imepata jina kutokana na wao, kikosi kile Waingereza walichokiita Carrier Corps. "Mume wangu amekufa ugenini, mbebaji wa mizigo naye," alisema. "Lakini wangu angalau nimeona alipolazwa."

Wakacheza tena siku hiyohiyo, kwa kanuni mpya, Dorothea na Macharia, Bi Shamsia anatazama. Dorothea alikishika kilima. Wakahesabu waliolala. Vifungo vilikuwa vimetapakaa tangu mtoni hadi kileleni, huwezi kuweka kikombe. Dorothea alikuwa amepoteza zaidi ya nusu ya watu wake. Macharia vilevile.

"Sasa nani ameshinda?" Macharia akauliza.

"Hakuna," alisema Bi Shamsia. "Nyote mna kauli. Haya, semeni mnabadili nini."

Hakuna aliyebadili kitu. Bakuli lilikuwa tupu, na Macharia akalirudisha jikoni.

Kanuni hiyo ndiyo ya mwisho kijitabuni hadi leo, na inaitwa Kanuni ya Abdulwakil.

Bi Shamsia, pole sana, mama. Poleni watoto, poleni ndugu wa Kariakoo, poleni Dorothea na Macharia. Sisi tulioko Guangzhou tumefiwa pamoja nanyi. Mwenyezi Mungu amlaze Abdulwakil mahali pema, na amhesabu.

Na wewe msikilizaji, kama una mgonjwa wako, unamkubalia kila neno na kumpigia makofi, sikukatazi. Ila leo ukifunga duka, kaa naye karibu. Muulize ni kitu gani anataka kukisema, ambacho makofi yako hayamwachii nafasi.