Mama Nukta na Ngozi Isiyojikuna

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Aliye jikoni apunguze moto, aliye kazini ajifanye ana shughuli. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyetengeneza ngozi ya binadamu ndani ya kompyuta. Ndiyo, umesikia sawasawa. Ngozi, ndani ya kompyuta. Kazini walimwita Mama Nukta, na Jumanne iliyopita moyo wake ulisimama, akiwa na miaka hamsini na nane.

Kwa nini Mama Nukta? Kwa sababu kioo cha kompyuta yake kilijaa nukta. Za kijani zilikuwa chembe za ngozi, zimepangwa tabaka juu ya tabaka. Nyekundu zilikuwa askari wa mwili, wale wanaopigana na vijidudu. Kila nukta aliipa kanuni zake: lini itembee, lini iite wenzake, lini ife. Akibonyeza kitufe, hekaheka inaanza, na siku ishirini na nane za ngozi zinapita kwa robo saa. Naye yuko pale anazigombeza: "Wewe nyekundu, unakwenda wapi? Nani kakuita huko?"

Kazi hiyo alikuwa na sababu nayo. Mdogo wake wa kike, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa na ukurutu tangu utotoni. Ukurutu ni pale askari wa mwili wanapoishambulia ngozi isiyo na kosa lolote. Inawasha, inapasuka, inatoa maji. Shuleni hakuna aliyetaka kukaa naye dawati moja. Dada mtu akamwapia, "Nitakutafutia dawa, hata iwe imejificha wapi."

Basi miaka kumi na moja iliyopita ikapatikana dawa ya kupaka inayowatuliza wale askari. Kabla ya kupewa watu, kituo chake cha utafiti kilimtaka aijaribu kwanza kwenye ngozi ya kompyuta. Akaijaribu miaka mitatu, yeye na wenzake saba. Majibu yalikuwa mazuri mpaka wakakumbatiana. Dawa inawafaa wote, wenye ukurutu mdogo na waliozidiwa. Akatia sahihi ripoti. Wagonjwa wa kwanza wangeanza kupakwa Jumatatu, na mdogo wake alikuwemo kwenye orodha.

Ijumaa ile mdogo mtu alipita kazini kwa dada yake kumletea gauni alilomshonea. Akaonyeshwa kioo. Akazitazama nukta zikihangaika weee, mpaka siku ya ishirini na nane. Kisha akauliza, "Dada, huyu mtu wako hajikuni?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mama Nukta hakucheka. Wataalamu wanane, vyeti vimejaa ukutani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuugua ukurutu! Walikuwa wametengeneza ngozi inayowashwa bila kuwa na kucha. Miaka mitatu, jamani, na wamesahau kucha.

Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa kituo.

"Mama, umechelewa. Ripoti imeshatiwa sahihi."

"Sahihi ni yangu, bosi. Nimekuja kuifuta."

"Unajua watakusemaje?"

"Wataniita mjinga. Waniite tu, lakini Jumatatu asipakwe mtu."

Majaribio yakasimamishwa, na kweli walimsema wakachoka. Yeye akahamia kwenye benchi la kliniki ya ngozi. Wiki sita alikaa na wagonjwa, kwa ruhusa yao, akihesabu wanavyojikuna: wapi, mara ngapi, kwa nguvu gani. Akarudi, akaipa ngozi yake kucha, akabonyeza kitufe. Kwa wenye ukurutu mdogo, dawa ilifanya kazi vizuri. Kwa waliozidiwa, mambo yalikuwa mengine kabisa. Kucha zinafungua vidonda, askari wametulizwa wamelala, vijidudu vinaingia bila hodi. Kufika siku ya kumi na tisa, nusu ya kioo ilikuwa nyeusi, rangi ya chembe zilizokufa.

Mdogo wake alikuwa miongoni mwa waliozidiwa. Mama Nukta hakumtuma daktari, alikwenda mwenyewe. Akamkuta kwenye cherehani.

"Mdogo wangu, dawa hii si yako."

Fundi hakuinua uso. "Uliniahidi tangu utotoni. Leo imepatikana, halafu wewe ndiye unayeninyima?"

Akamnunia miezi saba. Miezi saba, wasikilizaji wapendwa, hakuna simu wala salamu. Mume wa Mama Nukta anakumbuka: "Alikuwa anajimiminia chai, anaitazama mpaka inapoa. Nikamwambia mpe basi hiyo dawa yake yaishe. Akasema, 'Afadhali aninunie akiwa hai.'"

Ikamchukua miaka minne mingine, akipanga na kupangua. Mwishowe ngozi ya kompyuta ikamwonyesha njia: kwanza uutulize mwasho, usubiri vidonda vifunge, ndipo uwatulize askari. Dawa ni ile ile, ila inakuja ya pili. Madaktari wakahakikisha kwa wagonjwa wenyewe, ikafanya kazi. Fundi yule naye alipona, na leo wateja wake wapya hawajui kama aliwahi kuugua.

Kwa mume wa marehemu, kwa binti zake wawili, kwa wenzake saba, poleni sana. Nasi tuliobaki tujiulize, ni mara ngapi tumeliona kosa letu wenyewe tukanyamaza, kwa sababu tumeshatia sahihi?

Nimebaki na jambo moja nililotumwa. Juzi nilikwenda kwa fundi kuchukua habari hizi. Nilipoaga, alinishika mkono.

"Mtangazaji, nilimnunia dada yangu kwa kuniokoa. Baadaye tulipatana, tukawa tunataniana kama zamani, lakini radhi sikumwomba. Niliona aibu. Kila mwaka nasema nitamwambia. Wewe sauti yako inafika mbali. Nisemee."

Mama Nukta, mdogo wako anakuomba radhi.