Seti Moja, Vipande Vitano: Dishon Mwero Aiaga Hoteli ya Tumbawe

Tarehe 30 Juni 1999, baada ya miaka ishirini na mitano kamili ya utumishi, Bwana Dishon Mwero alistaafu kutoka Hoteli ya Tumbawe, Diani, akiwa na cheo cha Fundi wa Mifereji, Daraja la Pili. Wasomaji wa jarida letu waliowahi kukaa kando ya bwawa saa ya chai watashangaa kidogo. Mimi nimesimama futi nne kushoto kwake tangu mwaka 1975 nikipiga gitaa la besi, na mfereji pekee niliowahi kumwona akiushika ni ule wa kunawia mikono.

Ofisi imeniomba niandike wasifu huu kwa sababu nimefanya naye kazi muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote na pia, nadhani, kwa sababu mpishi mkuu alikataa. Nimengoja makusudi mpaka toleo hili la Julai. Sababu mtaiona mbele.

Dishon alizaliwa Kikoneni mwaka 1944, mwana wa mfugaji wa mbuzi aliyetamani sana mtoto karani. Ngoma alijifunzia kanisani. Inasemekana alipiga kwa moyo kiasi kwamba mchungaji alimwomba apige akiwa nje, chini ya dirisha, na hata huko nje wazee wa viti vya mbele walikuwa wakigeuka kutazama. Baadaye akapata kazi katika ukumbi mmoja wa dansi Likoni, na huko ndiko alikoonwa na meneja wetu wa kwanza.

Meneja huyo alikuwa Mzungu mwenye nywele mpaka mabegani. Hoteli ilipofunguliwa mwaka 1974 aliapa kwamba wageni wa Tumbawe watasikiliza roki, si zile nyimbo za kukaribishia wageni zilizokuwa zikipigwa ufuo mzima. Akakusanya watu watano, akawaita Pweza Five, na hakuna aliyekuwa na roho ya kumwambia kwamba pweza ana mikono minane.

Bendi ikapatikana, vyeo havikupatikana. Wakurugenzi walikuwa wameidhinisha orodha ya wafanyakazi, na katika orodha hiyo hamkuwa na mwanamuziki hata wa dawa. Kulikuwa na nafasi nne za bustani na moja ya mifereji. Mwimbaji, wapiga gitaa na mpiga kinanda wakaingizwa bustanini. Dishon, aliyechelewa kufika siku hiyo kwa sababu ya feri, akapewa kilichobaki. Mimi niliingia mwaka uliofuata kuchukua nafasi ya mpiga besi wa kwanza, kwa hiyo kwenye faili mimi ni Mtunza Bustani Msaidizi. Katika miaka yangu ishirini na minne ya bustani nimepanda mti mmoja wa asmini, ukafa.

Ngoma nazo zilinunuliwa kwa njia hiyo hiyo. Hakukuwa na fungu la muziki, lakini la mifereji lilikuwepo. Hati ya ununuzi, ambayo nimeiona kwa macho yangu, inasema: vifaa vya mifereji, seti moja, vipande vitano, pamoja na vifuniko vya shaba, viwili. Hivyo vifuniko ni matoazi.

Tangu hapo Pweza Five imepata waimbaji sita, wapiga gitaa wanane na wapiga kinanda ambao nimeacha kuwahesabu. Mpiga ngoma amekuwa mmoja. Wageni waliokuja fungate wakarudi na watoto, kisha wakarudi na wajukuu, wakamkuta Dishon palepale, shati limelowa, mdomo wazi kidogo kama mtu anayetaka kupiga chafya. Hakuwa mpiga ngoma wa mbwembwe. Alipiga sawasawa. Mimi nilipopotea, na nilipotea mara nyingi, nilimtazama mguu wake wa kulia nikarudi nyumbani.

Na huku faili likinenepa. Kila Desemba ilibidi mkuu wa ufundi, Bwana Katana, ajaze fomu ya kupima kazi ya Dishon kama fundi wake. Katana ni mtu wa haki asiyependa kusema uongo, kwa hiyo kila mwaka aliandika jambo moja la kweli: hakuna lalamiko lolote lililopokelewa kuhusu mfereji uliotengenezwa na mfanyakazi huyu. Mwaka 1986 rekodi hiyo safi ilimpa Dishon tuzo ya Mfanyakazi Bora wa Idara ya Ufundi. Wale mafundi wengine, waliokuwa wakilalamikiwa kwa sababu walikuwa wakifanya kazi, walimpigia makofi ya adabu.

Mara moja tu mambo yalitaka kuharibika. Mwaka 1983 wakaguzi walikuja ghafla, na Dishon akavishwa ovaroli, akakabidhiwa spana na kupelekwa kusimama karibu na sinki katika chumba kimoja cha ghorofa ya chini. Aliagizwa asimame tu. Mkaguzi alipoingia, Dishon akaona aibu kusimama tu, akakaza kitu fulani. Mkaguzi alitoka amelowa mpaka soksi na akaandika kwamba nguvu ya maji hapa Tumbawe inaridhisha.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Dishon alipokwenda kuposa, wazee wa upande wa bibi waliuliza anafanya kazi gani. Yeye aliona neno mpiga ngoma linamkwama kooni, akatoa kitambulisho cha hoteli. Wazee wakasoma Fundi wa Mifereji, wakaridhika. Mchumba mwenyewe, Bi. Rispah, alijua ukweli na akanyamaza, na tunaomfahamu Bi. Rispah tunajua kwamba akinyamaza ana mipango yake.

Miaka michache baadaye mradi wa maji ukachimba kisima kijijini kwao Kikoneni na kuweka pampu ya mkono. Pampu ilipoharibika mara ya kwanza, mwenyekiti wa kamati ya maji, Mzee Fondo, akatuma salamu Diani kwa fundi wao. Dishon akamwendea Katana akiwa na uso wa mtu aliyefiwa. Katana akacheka mpaka akakaa chini, halafu akakubali. Likawa ndilo jambo lao: pampu ikilala, Dishon huenda Kikoneni, na Katana humfuata kama msaidizi aliyebeba mkoba wa vyuma. Msaidizi huingia kazini. Fundi husimama ameweka mikono nyuma, anatikisa kichwa, na mara mojamoja anasema hapo, hapo.

Mwaka 1997, baada ya vurugu za Likoni, wageni walikatika, na mvua kubwa iliyofuata ikamaliza waliobaki. Katana akahamia Malindi. Bendi ikapunguzwa mpaka watu wawili, mimi na kijana wetu Owen, mwenye kinanda cha umeme ambacho ukikibonyeza mahali hupiga ngoma chenyewe. Owen ana heshima. Alimwomba Dishon radhi kwa lugha yao ya vijana wa Ukunda, kwamba si yeye, mzee, ni mashine. Dishon akamsikiliza, akasikiliza na mashine, akasema haikosei hata kidogo, na hilo ndilo kosa lake.

Hakufukuzwa, kwa sababu faili lilionyesha fundi wa mifereji, na fundi wa mifereji hoteli inamhitaji. Alipewa dawati karibu na stoo ya ufundi akawa anapokea simu za vyumbani na kuwaita mafundi wenzake. Ngoma zilifunikwa turubai humo stoo. Kila Ijumaa alilifunua, akazifuta vumbi, akalifunika tena. Likizo zake alikwenda Kikoneni akiomba dua njia nzima, na kila alipofika alikuta pampu nzima. Alimshukuru Mungu na hakuuliza.

Kisha Februari mwaka huu ikaja barua ya kamati ya maji, imepigwa muhuri, ikiuliza tarehe kamili ya kustaafu kwa fundi wetu wa mifereji, ili kijiji kimpokee inavyostahili. Dishon aliisoma amesimama. Katana yuko Malindi, pampu iko Kikoneni, na yeye atakuwa nyumba ya tatu kutoka kisimani kila siku ya maisha yake yaliyobaki.

Basi akaenda kwa Bi. Veronicah, Afisa wa Wafanyakazi, na kuomba zawadi moja tu ya kustaafu. Hakutaka saa ya ukutani wala sanduku la safari. Alitaka barua ya utumishi iseme alikuwa mpiga ngoma. Barua hiyo angeikabidhi kwa Mzee Fondo ili ukweli usemwe na karatasi yenye muhuri, kwa sababu yeye kinywa chake kilishashindwa siku ya posa.

Mimi nimemtania Bi. Veronicah katika jarida hili mara nyingi, kwa rula yake na kalamu zake tatu. Leo sina utani. Alilifungua faili tangu ukurasa wa kwanza, akakaa nalo siku mbili, na siku ya tatu akatuita. Sote tunajua desturi ya Tumbawe: fundi anayestaafu huondoka na vifaa vyake vya kazi. Mpishi Rai aliondoka na visu vyake, mshonaji wa mapazia aliondoka na cherehani. Vyombo vya burudani havimo katika desturi hiyo. Hivyo ni mali ya hoteli, na hoteli siku hizi inauza.

Bi. Veronicah akaiweka ile hati ya ununuzi mezani, akainyoosha kwa rula. "Mzee Dishon," akasema, "nikirekebisha cheo, lazima nirekebishe na hati. Fundi wa mifereji ataondoka na vifaa vyake vya mifereji. Mpiga ngoma ataondoka na barua."

Dishon aliomba apewe mpaka baada ya chakula cha mchana. Alikwenda stoo, nami nikamfuata, maana mpiga besi hajui pengine pa kwenda. Alilifunua turubai akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Aliniuliza mimi ningefanyaje. Nikamjibu kwamba gitaa langu nililinunua mwenyewe, kwa hiyo sijawahi kupewa heshima ya kuchagua. Hakucheka. Alikaa pale mpaka kengele ya chakula ikalia na kunyamaza, na bado alikuwa anatazama ile ngoma kubwa ya mguu, mahali ngozi ilipochakaa.

"Iddi," akasema mwishowe, "barua haipigiki."

Saa nane akatia sahihi, Fundi wa Mifereji, Daraja la Pili.

Sherehe ilifanyika siku ya Jumatano, saa tisa alasiri, katika bwalo la wafanyakazi. Kamati ya maji ilishuka kutoka Kikoneni kwa pikapu ya kukodi, ikakaa safu ya mbele. Mzee Fondo alikuwa na gunia miguuni, na kutoka kwenye gunia ulikuwa umechomoza mpini wa chuma wa pampu. Dishon alipouona, aliirudisha keki sahanini. Meneja wetu wa sasa, aliyekuja mwaka jana, alisoma hotuba kutoka kwenye faili na kusema kwamba katika robo karne hakuna mgeni hata mmoja aliyelalamika kuhusu kazi ya mifereji ya Bwana Mwero. Ni kweli tupu, na tulipiga makofi. Wengine walikohoa.

Kisha mtunza stoo akasoma kwa sauti: vifaa vya mifereji, seti moja, vipande vitano, vifuniko vya shaba, viwili. Tukazitoa ngoma moja moja mbele ya bwalo zima. Wafanyakazi mia na arobaini wakatazama ngoma kubwa ya mguu ikipita, na hakuna aliyecheka. Bi. Veronicah aliweka alama kwenye karatasi yake mara saba, kwa rula.

Tulipokwisha kuzipakia, Dishon alimwendea Mzee Fondo kando ya pikapu. Nilikuwa nashikilia kamba, kwa hiyo sikuweza kuondoka, na kusema kweli nisingeondoka. Alianza kwa shikamoo, akaingia kwenye posa, akapita kwenye kitambulisho, akamtaja Katana, akakwama. Mzee alimwacha akwame kwa muda wa kutosha.

"Mwanangu," akasema, "miaka yote hiyo tunakuona umeweka mikono nyuma na msaidizi wako anatoka jasho. Sisi si vipofu. Wewe tulikuwa tunakuita ili Katana aje."

Na ile barua? Mzee akaeleza kwa upole, kama mtu anayeelimisha Diani nzima, kwamba mtu wa ofisini huulizwa kwa cheo cha ofisini, la sivyo barua haijibiwi. Na pampu? Pampu ina fundi wake, alifundishwa na watu wa mradi Katana alipoondoka, na ameiweka sawa mwaka wa pili sasa. Ni Bi. Rispah. Huo mpini ni yeye aliyeuleta, ameufunga mwenyewe kwenye gunia, na alikuwa ameomba uchomelewe katika karakana ya hoteli kabla pikapu haijarudi. Uchomelewe vizuri, si kama alivyouchomelea Katana.

Mpini ulichomelewa. Dishon alikwea nyuma akakaa kati ya ngoma zake, akiwa ameupakata mpini kwa uangalifu wa mtu aliyetumwa, na pikapu ikaondoka kuelekea Msambweni.

Jarida hili, Bi. Veronicah amenikumbusha, si hati rasmi na haliingii kwenye faili la mtu yeyote. Ndiyo maana naweza kuandika humu, ngoma zikiwa zimeshafika Kikoneni, kwamba Dishon Mwero alikuwa mpiga ngoma wa kwanza wa Pweza Five, na wa pekee, na kwamba tangu aondoke napotea hata nikipiga na mashine.

Ahsante, Bwana Dishon, kwa mguu wako wa kulia. Sisi wa bustani tunakuombea nyumba yenye afya, ngoma zisizoguswa na mvua, na maji yasiyokatika. Hayo ya mwisho, hata hivyo, tunajua yako mikononi mwa fundi. Mshikie spana vizuri.

Iddi Shutu
Mtunza Bustani Msaidizi