Elieth Yotham Mazengo na Taa Iliyozimika Baada ya Dakika Kumi na Moja

Ndugu waombolezaji, marehemu aliacha agizo kwamba wasifu wake usomwe pamoja na makosa yake mawili. Kikao cha familia kilibishana juu ya hilo siku mbili nzima. Mumewe, shemeji Fabian, ndiye aliyekata shauri, na mimi Abeli, mdogo wa marehemu, nitasoma kama marehemu alivyotaka.

Elieth alizaliwa tarehe 3 Septemba 1956 hapa Gulwe, mtoto wa pili wa Mzee Yotham Mazengo, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, na Mama Cecilia. Tulikuwa saba, na maji yalitoka mbali. Sote tulioga kwa ndoo moja, na maji yaliyooshewa vyombo yalioshewa tena vyombo vingine kabla ya kupewa mbuzi. Kumwaga maji yanayofaa kulitosha kukukosesha chakula cha jioni.

Alisoma Shule ya Msingi Gulwe kuanzia 1964 hadi 1970, kisha Sekondari ya Wasichana Msalato. Mwaka 1981 alihitimu shahada ya kemia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaanza kufundisha sekondari Dodoma mjini. Alikuwa mwalimu wa maswali. Ukimsalimia shikamoo anaitika marahaba, halafu anakuuliza kwa nini chumvi ya kienyeji haifanani na ya dukani.

Tarehe 17 Desemba 1983 alifunga ndoa na Fabian, karani wa Bunge. Mungu akawajalia Bupe na Ebenezer. Televisheni zilipoanza kujaa madukani, miaka ile ya soko huria, shemeji alinunua moja. Haikumaliza wiki kabla mkewe hajaipeleka kwa fundi Hasani. Haikuwa mbovu. Alitaka tu ifunguliwe aone mwanga unatoka wapi.

Swali hilo ndilo lililompeleka Ujerumani kwa ufadhili mwaka 1997, akiwa na miaka arobaini na mmoja, kusomea taa za aina mpya. Ni taa nyembamba kuliko karatasi: tabaka la rangi yenye kaboni ambalo umeme ukipita linawaka lenyewe. Alipokuja likizo, mama alimuuliza kazi yake hasa ni ipi. Elieth akajibu, "Mama, ile rangi ya kawaida ni ng'ombe mwenye chuchu nne, lakini anatoa maziwa kwenye chuchu moja tu. Sehemu tatu za umeme zinapotea, zinakuwa joto bure. Ukitia ndani yake madini mazito yanayoitwa iridiamu, chuchu zote nne zinatoa."

Mama akafikiri, akasema, "Hayo madini mletee baba yako, ana ng'ombe wa namna hiyo."

Sasa kosa la kwanza. Mwishoni mwa mwaka 2000 taa yake ya kijani iliwaka vizuri, ikazima baada ya dakika kumi na moja. Akatengeneza nyingine, nayo ikazima. Wakubwa wa maabara walisema rangi yake haifai, na ufadhili ulibakiza miezi mitano. Yeye hakukata tamaa. Alianza kujichunguza mwenyewe, hatua kwa hatua. Akagundua kwamba kimiminika cha kuoshea vioo vinavyopakwa rangi ile, ambacho wenzake walikitupa kila baada ya kuosha, yeye alikuwa anakihifadhi kwenye chupa na kuoshea tena. Mkono wa Gulwe haukuweza kumwaga. Uchafu mdogo usioonekana kwa macho ulikuwa unaingia kwenye rangi na kuiua.

Angeweza kunyamaza, asingejua mtu. Aliandika kosa lake kwenye ripoti, kwa jina lake, akaanza upya. Alimpigia shemeji simu, naye akamwambia, "Malizia, watoto wapo." Taa mpya iliwaka wiki tatu bila kuzimika, na Juni 2001 akatunukiwa shahada ya uzamivu. Akarudi darasani kwake Dodoma, na wanafunzi wakawa wanamwita Mama Iridiamu.

Kosa la pili ni zito zaidi, na kulisoma kunaniuma. Julai 2003 aligusa uvimbe kwenye titi la kushoto. Mtu aliyeuliza kila kitu hakuuliza hilo. Alisema kidato cha sita wamalize mtihani kwanza. Alikwenda hospitali Machi 2004, na kansa ilikuwa imeshasambaa. Alitibiwa Dar es Salaam, akiwaomba madaktari wamwonyeshe kila picha na kumweleza kila dawa. Alifariki Jumanne, tarehe 12 Aprili 2005, saa nne asubuhi, nyumbani kwake Area C, Dodoma. Aliniambia, "Abeli, usiandike niliugua kwa muda mrefu. Andika nilichelewa miezi minane."

Ameacha mume, watoto wawili, baba yetu Mzee Yotham, na ndugu sita. Mama alitangulia mwaka 2002.

Ndugu zangu, aliyepinga sana kwenye kikao ni dada yetu mkubwa, Yudith. Alisema habari za kifua cha mwanamke hazisomwi mbele ya wakwe, na kwa desturi yetu hakukosea. Lakini Elieth, kabla hajafariki, alishawaomba wauguzi wawili waje kwenye mazishi yake. Wako chini ya turubai la pili, upande wa jikoni, na watampima matiti kila mwanamke atakayetaka, baada ya mazishi. Asubuhi hii nilikwenda kuangalia kama wamepata viti. Daftari lao lilikuwa na jina moja tayari. Dada Yudith ameniruhusu niseme kwamba ni la kwake.

Mwenyezi Mungu ampe Elieth pumziko la amani.